Kitambaa cha Viraka cha Mama Duho

Tak, tak, tak, tak. Ndivyo vilivyolia vifuniko vya vyombo vya plastiki vya Mama Duho, kila kifuniko kikibanwa pande zake nne, na siku ya pili ya mwaka mpya mlio huo ulivuka ua ukatufikia sisi majirani tukiwa bado tumejifunika. Tulijua mwanawe anaondoka kurudi Seoul.

Jina lake la kuzaliwa ni Bongnye, lakini tangu azae hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mikono iliyobabuka kwa mafuta ya kukaangia. Kijijini kwetu Bamgol alisifika kwa jambo moja: nyumba yake haikutoa taka. Maganda yalikwenda kwa kuku. Maboksi ya zawadi za peasi aliyakunjua akatandika chini ya magunia ya vitunguu. Mabaki ya sikukuu aliyachemsha pamoja yakawa mchuzi mmoja mwekundu, akaula mpaka theluji ikaanza kuyeyuka. Mwenyekiti wa kijiji alipotangaza kwenye kipaza sauti, "Ndugu wanakijiji, sikukuu imekwisha, punguzeni taka, lori moja halitoshi," Mama Duho alitoka nje akajibu kwa sauti, kana kwamba mwenyekiti anamsikia:

"Waambie wengine! Kwangu lori lipite tu, lisisimame!"

Na sikukuu alipika kama mtu anayetazamia kijiji kizima. Samaki na maboga ya kuchovya kwenye yai na kukaanga, mbavu za ng'ombe, keki za mchele, mboga za mlimani alizozikausha tangu masika. Vyote vilifungwa kwa ajili ya Duho, mkewe Seyeong, na mtoto wao mmoja. Bunda la juu kabisa alilifunga kwa kitambaa alichokishona mwenyewe kwa viraka: bluu ya shati la marehemu mumewe, pindo jekundu la sketi aliyoolewa nayo.

"Mama, inatosha," Seyeong alisema mwaka ule, kama alivyosema kila mwaka. "Tuko watu watatu. Friji yetu ndogo."

"Friji haijai, mkamwana wangu. Watu ndio hawajui kupanga."

"Basi nipe ile figili ya maji tu, uliyoichachusha kwa chumvi. Kopo moja. Nyama iache, mama."

"Figili? Watu wataniona nimefilisika!" Akacheka, akasukuma mbavu ndani ya buti. Gari lilipoondoka alisimama barabarani akitazama lilivyolemewa nyuma, matairi yamebonyea, mpaka likapinda penye daraja.

Jioni Duho alipiga simu. Kesho yake, kwenye ukumbi wa kijiji, ambako wanawake watu wazima tunakaa kwenye sakafu iliyopashwa joto tukicheza karata, Mama Duho alitusimulia simu hiyo neno kwa neno.

"Kaniambia, 'Mama, tunakula chakula chako sasa hivi.' Sasa hivi! Hata koti hajavua!"

Malsuk alikuwa ameketi karibu na mlango. Ni mdogo kuliko sisi sote, anafanya usafi kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu, pale magari ya Seoul yanaposimama watu wajisaidie na kunywa kahawa. Mmoja wetu akamchokoza:

"Na wewe Malsuk, mapipa yalisemaje mwaka huu?"

"Yamejaa," Malsuk akasema. "Vyakula vya akina mama. Watu wanaona aibu kuvikataa, wanavitupa njiani. Mbavu hazijaguswa na jino."

"Ungetuletea, sisi meno tunayo!"

"Wewe una meno? Hayo ni ya daktari!"

Tulicheka mpaka karata zikachanganyika. Mama Duho hakucheka.

"Watoto gani hao?" alisema. "Wamelelewa na mbwa? Wangu hata punje ya wali haimwangukii."

Malsuk aliinamia karata zake. Zamu ilipomfikia alitupa karata isiyofaa, tukamzomea.

Tungejua sababu, tusingemzomea. Jana yake mchana, akitenga makombo na plastiki nyuma ya kituo, alikuwa amevuta bunda zima kutoka kwenye pipa, na fundo lake hata halijafunguliwa. Bluu, na pindo jekundu. Chakula alikikwangua kwenye ndoo ya makombo, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Lakini kitambaa mkono wake ulikataa kukitupa. Alikwenda nacho nyumbani, akakifua, akakianika nyuma ya nyumba, akidhani kikishakauka atapata njia ya kukirudisha kwa siri.

Jioni ya siku ile ya karata Mama Duho alipita huko huko nyuma, na bakuli la mchuzi wake wa mabaki mkononi, kumpelekea Malsuk, anayeishi peke yake kama yeye.

"Malsuk. Hicho kitambaa umekitoa wapi?"

"Dada, ingia ndani, baridi hii."

"Nimekuuliza."

"Kazini."

Mama Duho aliliweka bakuli juu ya ukuta. "Na vyombo?"

"Viko jikoni. Nimeviosha."

"Chakula kilikuwa kimeharibika?" Aliuliza kama mtu anayeomba. "Gari lina joto. Labda kiliharibika."

Malsuk angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na mpaka leo anajuta kwamba hakulisema.

"Hakikuharibika, dada."

Mama Duho alikianua kitambaa kingali kibichi, kimekakamaa kwa baridi, akaondoka nacho kifuani. Bakuli lililala pale ukutani mpaka mchuzi ukaganda.

Hakumpigia mwanawe simu kumgombeza. Hata ukumbini hakuonekana kwa muda mrefu. Mimi, jirani yake wa ng'ambo ya ukuta, nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa mbele ya kaango lake kubwa la sikukuu, limeoshwa, limegeuzwa juu chini.

"Seyeong alikuwa ananiambia," alisema. "Kila mwaka ananiambia inatosha. Aliniomba figili, nikampa mbavu." Akalipangusa kaango kwa kiganja. "Mimi sikuwa napika ili wao wale. Nilikuwa napika ili nilione lile gari likiondoka limelemewa. Taka za kijiji hiki nimezicheka miaka yote, kumbe zangu zilikuwa zinanisubiri barabara kuu."

"Watoto wamekukosea," nikamwambia.

"Wamenikosea, ndiyo. Lakini ni mimi niliyewafundisha kunidanganya."

Sikukuu ya mavuno hawakuja, Duho alikuwa na safari ya kazi. Mwaka mpya ulipofika tena walikuja, na jikoni kulikuwa na kikaango kidogo. Kilichopikwa kililiwa. Asubuhi ya kuondoka tuliamka tukisikiliza kama kawaida: tak, tak, tak, tak. Kisha kimya. Nilitoka hadi uani kwangu nikidhani masikio yangu yamezeeka.

Duho alikuwa amefungua buti, anasubiri.

"Hicho tu, mama? Mwaka huu umetubania!" Alicheka. "Au unaumwa?"

"Siumwi."

Mikononi Mama Duho alikuwa na chombo kimoja cha figili ya maji, kimefungwa kwa kitambaa cha viraka. Duho alikiona kitambaa. Kicheko kikamkatika, mkono wake ukabaki juu ya buti tupu. Seyeong, ambaye alishaketi garini, aliinamisha uso.

Mama Duho hakukipeleka nyuma. Alizunguka mpaka dirishani, akakiweka mapajani mwa mkamwana wake, akalinyoosha fundo kwa vidole vyake vilivyobabuka. Gari halikubonyea hata kidogo. Ndipo akasema, taratibu mno, hata mimi ng'ambo ya ukuta nilimsikia kwa shida:

"Msisimame njiani, wanangu. Fikeni nacho."