Wifi Yangu na Kitufe cha Dirisha la Kwanza

Wifi yangu akikuuliza kitu, hana haja na wewe. Anauliza, anajibu mwenyewe, kisha anakulaumu kwa hilo jibu. Umekula? Hujakula. Na hutaki kula kwa sababu unawaza, na unachowaza hakina maana. Hapo wewe hujafungua hata mdomo. Mimi naishi naye nyumba moja, maana ameolewa na kaka yangu na mimi nina chumba changu kule nyuma, halafu asubuhi tunafuatana kazini, ofisi ya maji, yeye dirisha la kwanza na mimi la pili. Watu wananiuliza mbona nimekonda. Nawaambia wakae naye wiki moja tu, kisha waje tuzungumze.

Kwa haki ya Mungu, si mtu mbaya. Mama yetu alipolala kitandani mwaka mzima, aliyemwogesha ni yeye, si mimi niliyezaliwa naye. Alilelewa kifungua mimba kwenye chumba kimoja chenye watoto wasiohesabika, na huko, anasema, ukingoja kila mtu ajibu kama ameshiba, chakula kinapoa. Akazoea kuwajibia wote. Amekua na hiyo tabia, ameolewa nayo, na serikali imempa na dirisha la kuifanyia kazi.

Hilo dirisha sasa. Tumekaa nyuma ya kioo kizito, na kila mmoja ana kipaza sauti chenye kitufe. Ukikibonyeza, mteja anakusikia wewe. Ukikiachia, unamsikia yeye. Huwezi kupata vyote viwili kwa wakati mmoja. Basi wifi yangu hubonyeza asubuhi na huachia jioni. Mteja anasimama pale anachezesha midomo kama samaki kwenye chupa, na yeye anamjibu anachodhani ameambiwa. Mtu kaja kusema bomba limepasuka, ua wote ni bwawa, anaelezwa kwa utaratibu kabisa jinsi ya kuomba mita mpya. Akichoka anahamia dirisha la pili, na hasira zake zote anakuja kunimwagia mimi.

Nimemwambia. Nimemwonyesha. Siku moja nilimshika mkono nikauondoa kwenye kitufe kwa nguvu. Akanijibu kwamba anawasikia watu vizuri tu.

Juu ya hayo yote, mkuu wetu akatuletea mafunzo. Alikuja mkufunzi wa mambo ya afya, bwana mpole, sauti ya chini, viatu vya wazi. Akatuambia kwamba sisi wa madirishani tunaonana na watu wengi kuliko daktari yeyote, kwa hiyo tuwe tunazungumza nao kidogo, mazungumzo ya kawaida tu: wanalalaje, wanakula nini, wana mawazo gani. Tukiona jambo, tumwelekeze mtu kituo cha afya. Nikanyoosha mkono nikauliza, na foleni je? Akatabasamu. Hakunijibu mpaka leo.

Kanuni yake ilikuwa nyepesi: uliza swali moja, kisha nyamaza. Nyamaza hata kama kimya kinakukera, maana mtu akiwa na neno zito hulitafutia njia ya kutoka. Wakati wa kufanya mazoezi, wifi alipangwa na mlinzi wa getini. Akamuuliza usingizi wake ukoje. Papo hapo akamwambia halali, tena ni chai ndiyo inayomkosesha usingizi, na godoro lake limebonyea katikati. Mlinzi wa watu alikuwa bado anavuta kiti akae. Mkufunzi akasema kwa upole, mama, tujaribu tena. Wakajaribu tena, na tena, hadi yule bwana akaanza kujipangusa jasho, na mimi nikawa namwonea huruma kwa moyo wote. Karibu na jioni wifi aliweza kunyamaza kidogo, lakini alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Kwenye maswali tuliyopewa kulikuwa na moja lililotumaliza. Siku hizi unakunywa maji kiasi gani? Swali zuri, kwenye hospitali. Sisi ni ofisi ya maji! Watu wakajua wazi kwamba tunawasaka wanaochepusha bomba lisipite kwenye mita. Mzee mmoja aliapa kwamba nyumbani kwake hawanywi maji kabisa, tangu zamani, ni watu wasiopenda maji. Mama mwingine akasema wao hunywa kwa jirani. Nilimfuata mkuu nikamweleza, akasema takwimu zinaonyesha mwitikio ni mzuri. Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa, sina hamu.

Na wakati sisi tunawauliza watu baki, nyumbani kwetu mtu alikuwa anaumwa.

Kaka yangu ni fundi cherehani, kazi yake anaifanyia barazani. Nilianza kuona jagi la maji halibanduki pembeni ya mashine yake. Analijaza, anamaliza, anajaza tena. Suruali zilimpwaya, akawa anazibana mwenyewe, fundi tena, nani angejua? Kisha mishono ikaanza kwenda upande. Wateja wakarudisha nguo, mtu aliyekuwa anashona mstari ulionyooka kama wa rula. Na joto lile lote, yeye na soksi, ndani na nje.

Mimi nikamuuliza, akasema uchovu. Wifi naye akamuuliza kwa mtindo wake. Unaumwa? Huumwi, ni kazi. Au ni sukari? Si sukari, sukari ya wapi na wembamba huo. Kesho yake, tukiwa mezani mchana wa Jumapili, akageuza. Ni sukari, kwao ipo, aende hospitali upesi, la sivyo atakatwa mguu kama baba yake.

Mkono wa kaka ulibaki hewani na tonge lake. Baba yetu aliingia hospitali akiwa na kidonda cha mguu, akarudi bila mguu, na hakukaa sana duniani baada ya hapo. Nyumbani kwetu hilo jambo hatulitaji. Kaka aliweka tonge kwenye sahani, akanawa, akatoka.

Nikamfuata barazani nimewaka. Nilikuwa na hasira na mke wake kwa mdomo wake, na yeye kwa ubishi wake, maana kweli nilikuwa naogopa. Nikamwambia aseme kinachomsumbua. Akasema kwa uchungu kwamba anasikia huko dirishani watu wanaulizwa vizuri na wanangojewa mpaka wajibu. Nikamwambia basi na yeye akapange foleni kama wateja wengine, nikampa mgongo.

Mtu unasema neno la hasira, unafikiri limekwisha.

Katikati ya wiki, ukumbi umejaa, nainua macho namwona kaka yangu kwenye foleni ya dirisha la kwanza. Kavaa shati la kutokea, mkononi hana bili wala karatasi yoyote. Nikampungia aje kwangu. Akajifanya hanioni. Foleni ikasogea, akafika mbele, na wifi bila kuinua kichwa akabonyeza kitufe akamuuliza namba ya mita. Ndipo akamwona.

Mimi namjua. Sasa ataanza: umefuata nini, nyumba umemwachia nani, pasi umezima au hujazima. Alibaki anamwangalia. Kisha sauti yake ikatoka kwenye kipaza, maneno yaleyale ya mkufunzi.

"Habari ya afya yako, ndugu mteja?"

Akaondoa mkono kwenye kitufe.

Mama mmoja nyuma akasonya. Mwingine akasema wengine tuna kazi zetu. Na mimi, mimi ninayemlaumu kila siku, jibu la kaka lilikuwa limenijaa mdomoni, nililing'ata. Kaka akasogea karibu na kioo.

"Miguu yangu siisikii," alisema. "Nakanyaga cherehani sijui kama nakanyaga. Juzi nimevua soksi nikakuta sindano imo kidoleni, na kidole kimeshaharibika. Naogopa watanikata."

Mkono wa wifi ulirudi kwenye kitufe. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Akabonyeza.

"Kuna jingine?"

Akaachia.

"Nilijua ukilisema wewe litakuwa kweli," kaka akasema. "Na ulilisema."

Wifi alisimama, akageuza kibao cha dirisha limefungwa, akazunguka kwa mlango wa wafanyakazi. Akamshika mumewe mkono wakatoka, na hakusema neno hata moja, wala kwake, wala kwangu, wala kwa mkuu aliyekuwa anamwita. Foleni yake yote ikahamia dirisha langu na matusi yake. Niliwahudumia huku kamasi zinanitoka, na nani aliniuliza habari ya afya yangu?

Kidole kilikatwa. Mguu ulibaki, ingawa daktari alisema wazi kwamba angechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Nilipoenda kumwona wodini, wifi alikuwa ameshairudia tabia yake. Alimweleza muuguzi mgonjwa amelalaje, akamweleza daktari mgonjwa anataka kula nini. Daktari akafunua shuka, akaubonyeza mguu juu kidogo ya kidonda, akamuuliza kaka kama anasikia chochote.

"Hasikii," wifi akasema. "Hiyo miguu ilishakufa zamani, daktari, mimi nina..."

"Mama watoto," kaka akasema, "achia kitufe."

Akanyamaza. Daktari hakuelewa, lakini akangoja na sisi, kidole chake kikiwa palepale.

"Nasikia," kaka akasema. "Inauma."

Wifi akakaa kwenye kiti cha wageni akalia. Mimi nilitoka nje kulia peke yangu, maana humo ndani angenieleza kwa nini nalia.