Fundi wa Makochi Aliyeshindwa Kukaa

Mtaani walimwita Mama Sponji, na jina lilimkaa, maana kutwa alikuwa na vipande vya sponji kwenye nywele. Mumewe, seremala, alipiga fremu za makochi uani. Yeye, kwenye chumba cha mbele, alizivisha sponji na kitambaa, akabana kwa stepla, akashona kingo kwa sindano nene iliyopinda. Alikuwa na mdomo, tena mdomo haswa. Mteja aliyeleta kochi lenye kunguni aliambiwa hapo hapo, mbele ya watu. Lakini mwanamke huyo huyo alikaa miezi akiwashwa ukeni, na mtu pekee wa karibu aliyemwambia alikuwa wifi yake.

Wifi, dada mkubwa wa mumewe, aliuza vipodozi nyumba kwa nyumba na alijua dawa ya kila kitu.

"Huo ni uchafu, wifi yangu," alimwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta zina umbea. "Mwanamke haoshwi kwa maji matupu kama sufuria." Akampa chupa ya maji ya rangi ya waridi yenye kunukia, ajioshe nayo mpaka ndani, asubuhi na jioni.

"Mbona inaunguza?" Mama Sponji aliuliza baada ya siku chache.

"Ikiunguza ujue inafanya kazi."

Akaendelea kuunguzwa. Kuwasha kukazidi, ngozi ikavimba, haja ndogo ikawa mateso. Akaenda duka la dawa. Hata hajamaliza sentensi, muuzaji akasema "fangasi hiyo" na kumpa vidonge. Havikusaidia. Aliporudi akaambiwa arudie dozi. Hakuna aliyempima wala kumuuliza alikuwa akijioshea nini.

Kukaa kukawa kazi. Fundi wa makochi, anayewatengenezea watu wote pa kukalia, akawa anashona wima huku amebana meno. Kitandani alijisogeza mbali na mumewe. Mwanzoni seremala alimwona tu akijikuna. Kisha, jioni moja wakila, akauliza bila kumtazama, "Na hiyo kitu umeitoa wapi?"

Swali hilo lilimchoma kuliko ile chupa. Miaka yote hiyo wanakula sahani moja, wanavuta msumeno mmoja, halafu leo aulizwe kama mwizi, kana kwamba ametoka nje ya ndoa? Akaisukuma sahani kando. Asubuhi alijifunga kitenge akaenda zahanati.

Kwenye dirisha la mapokezi alikaa karani mwenye haraka. "Tatizo?"

"Ni la kike."

"La kike lipi? Sema, mama, watu ni wengi!"

Mabenchi yote yakageuka. Mwanamume mmoja mwenye bandeji mkononi akacheka puani. Mama Sponji alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni, na aibu yote aliyoibeba miezi ile ikageuka hasira.

"Nawashwa ukeni," alisema, kila neno likisikika mpaka mlangoni. "Ukeni! Umesikia, au niwaite na walio nje? Na wewe baba mwenye bandeji, cheka, halafu ukamuulize mama yako ulipitia wapi kuja duniani."

Kicheko kikamkauka yule bwana. Bibi mmoja kwenye benchi la nyuma akasema, "Mpe jibu, mwanangu!" Karani akaandika huku ameinamisha kichwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alifunga mlango kwanza, ndipo akauliza. Mama Sponji akaanza kueleza kuhusu uchafu unaomtoka.

"Samahani, mama, kwa nini unauita uchafu?" daktari akamkatiza. "Ute kidogo ni kawaida ya mwili, kama mate mdomoni. Niambie umebadilika vipi. Rangi? Harufu? Na unajioshea nini?"

Akaitoa chupa mkobani. Daktari aliinusa, akafumba macho. Alimweleza kila atakachofanya, akamwomba ruhusa, akamwangalia akiwa na muuguzi wa kike, akachukua kipimo kwa pamba. Majibu yalipotoka, hapakuwa na fangasi wala ugonjwa wa kuambukizwa. Ngozi ilikuwa imeungua kwa manukato.

"Na vidonge nilivyomeza?"

"Vya ugonjwa usiokuwa nao. Kuwashwa kuna sababu nyingi, na kwa macho tu zinafanana. Anayekupa dawa bila kukupima anapiga ramli."

Akamwambia uke hujisafisha wenyewe ndani, na nje maji safi yanatosha. Chupa aiache mara moja. "Lakini kuwasha kukianza tena na kusitulie, au kukirudi rudi, njoo. Ukiona vidonda, harufu kali, ute wa kijani au damu isiyo ya siku zako, au ukipata homa na maumivu chini ya tumbo, usisubiri hata kidogo. Na mjamzito asijitibu kwa kubahatisha."

Mama Sponji alitoka akiwa amepata nafuu rohoni na amewaka moto kichwani. Miezi yote ile! Nyumbani akaenda moja kwa moja bafuni kuoga, na pale, nyuma ya beseni la binti yake aliye sekondari, akaona chupa nyingine ya rangi ya waridi.

"Shangazi alinipa," binti alisema. "Alisema nisipoanza mapema nitanuka niwaaibishe."

"Unawashwa?"

Mtoto akatazama sakafu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Mama Sponji hakubadilisha hata kanga. Alimkuta wifi sebuleni kwake amewapangia wateja chupa mezani.

"Mimi umeniunguza, nilikuwa ninyamaze, mtu mzima nilikubali mwenyewe," alisema akiwa bado mlangoni. "Lakini mwanangu! Umemfundisha mtoto auchukie mwili wake ili wewe uuze maji ya rangi?"

"Unanivunjia heshima mbele ya wageni wangu?"

"Heshima uliivunja wewe. Mwanangu hanuki. Ana harufu ya mtu, kama wewe, kama mimi, na mtu si ua."

Mteja mmoja akairudisha chupa mezani taratibu. "Kumbe haijaniunguza mimi peke yangu," akasema. Wifi akamwonyesha Mama Sponji mlango, na mpaka leo hawasalimiani.

Binti alipopelekwa kwa daktari yule yule, kipimo chake kilionyesha fangasi kweli, akapewa dawa yake na akapona. Kuwasha kule kule, nyumba moja, sababu mbili.

Seremala aliposimuliwa yote, aliacha randa yake juu ya ubao. "Mimi sikusema kitu kibaya," alijitetea.

"Ulisema 'umeitoa wapi'. Basi sasa umejua. Nimeitoa kwa dada yako."

Mwishowe seremala akamwomba radhi, kwa maneno machache ya mtu asiyeyazoea. Mama Sponji aliyapokea, ila hakumwambia yametosha. Alivuta kiti, akakaa barabara bila maumivu, akaanza kushona.