Pampu Niliyoifunga Bwawani Igombe

Nawaambieni mapema ili mcheke yote kwa mara moja tuendelee: mimi Maganga, fundi umeme wa magari ambaye Tabora nzima ilikuwa inanijua, ndiye niliyejaza maji mashua ya watu katika bwawa la Igombe, mchana kweupe, bila dhoruba wala jiwe, na niliijaza kwa chombo kilichonunuliwa makusudi ili isijae. Wengine wamesikia habari hii kwa watu ambao hawakuwepo, wakaongeza mamba na maiti. Mamba hakuwepo, na hakuna aliyekufa, ila mimi nusura nife kwa aibu.

Miaka ile vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kila upande na kila mtu alikuwa ndugu, na mimi nilikuwa kijana mwenye bisibisi yangu mfukoni na maneno mengi mdomoni. Magari mengi ya Tabora yalikuwa makongwe ya Kiingereza, na lori likizimika popote kati ya mjini na Igalula watu walisema mwiteni Maganga. Nilikuwa nikifika, nagusa waya mbili, linawaka. Mtu akisifiwa hivyo miaka sita mfululizo huanza kuamini kwamba umeme ni shemeji yake.

Basi siku moja akaniita Bwana Premji, mwenye duka la misumari, rangi na mabati karibu na soko. Alikuwa amenunua mashua kwa mzungu mmoja mhandisi wa maji aliyekuwa akitembelea nayo bwawani kila Jumapili, kisha akarudi kwao. Mashua nzuri, ndefu kama lori moja na nusu, ina mlingoti, tanga, chumba kidogo cha kulala watu wawili, na mashine ya dizeli kwa siku zisizo na upepo. Bwana Premji alitaka kuipeleka Kigoma kwa treni, juu ya behewa, kisha yeye na mkewe wasafiri Ziwa Tanganyika mwezi mzima, wakilala humohumo ndani.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hilo mtadhani tulikuwa tunacheza. Jamaa zao wengi walikuwa wamekwishaondoka, wengine Uingereza, wengine sijui wapi, na ile nyumba ya ghorofa aliyokuwa akipangisha ilikuwa imetaifishwa. Mkewe, tuliyemwita Mama Premji, alikuwa na kaka zake London na kila barua iliyofika ilimwambia njooni. Bwana Premji alizaliwa Tabora, baba yake alizaliwa Tabora, hakutaka kwenda popote. Wakabishana mpaka wakakubaliana hivi: mashua ijaribiwe bwawani, na mama apande. Akiona inafaa, watakwenda Kigoma na habari ya London itakufa. Asipoona inafaa, itauzwa pamoja na duka. Mama mwenyewe ndiye aliyeniambia hayo, dukani, huku ananipimia misumari, na akaongeza kuwa maji anayaogopa tangu utotoni na hajawahi kuingia hata yanayofika magotini.

Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye fundi. Hata tone moja halitagusa unyayo wako."

(Hakuna aliyeniomba niseme vile. Nasisitiza hilo.)

Kazi yenyewe niliipenda. Waya za zamani zilikuwa zimeoza, ukizikunja zinavunjika kama majani makavu ya tumbaku, nikazitoa zote. Nikaweka betri mbili badala ya moja, fyuzi mpya, taa ya chumbani, taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia kama chombo cha majini kinavyotakiwa, honi ya lori (hiyo nilitoa yangu, zawadi), na mwisho pampu ya umeme, mpya kabisa, iliyoagizwa kutoka Dar es Salaam. Pampu hiyo kazi yake ni kuvuta maji yanayokusanyika katika tumbo la chini la mashua, sehemu ambayo mabaharia huiita ngama, na kuyatupa nje kupitia tundu la ubavuni. Kulikuwa na pampu ya mkono, ya chuma, nzito, unasukuma mpini mbele na nyuma. Nikaing'oa. Niliona inaharibu sura.

Nahodha aliyeletwa kwa ajili ya safari alikuwa Mzee Sudi, mtu wa Ujiji, mwembamba, mpole, ambaye amekula chumvi ya ziwa miaka arobaini (najua ziwa lile halina chumvi, lakini mmenielewa). Alifika kwa treni, nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akazunguka mashua yote, akashika kila kitu. Alipofika kwenye pampu akaniuliza kama nimeijaribu. Nikaiwasha, ikanguruma vizuri sana, sauti laini. Akasema anaisikia, ila angependa aione ikivuta maji, tulete beseni tuijaribu kabla ya kuiamini, na pampu ya mkono irudi mahali pake hata kama ya umeme ni nzuri kiasi gani.

Beseni lilikuwa palepale, hatua kumi. Lakini walikuwepo wenzangu wawili wa gereji waliokuja kunisifu, na mtu hawezi kupimwa kwa beseni mbele ya watu wanaomsifu. Nikamjibu kwa adabu kwamba nimefunga malori yasiyohesabika na sijawahi kutia hata moja kwenye beseni. Mzee akaniangalia kidogo, akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye fundi." Mashua ikatiwa bwawani siku mbili kabla ya majaribio, maana alisema mbao zilizokaa nchi kavu muda mrefu lazima zinywe maji kwanza ndipo zikazane.

Siku ya majaribio ilikuwa Jumapili, mchana, upepo mzuri. Ilikuwa iwe shughuli ya watu wanne tu: Bwana Premji, mama, nahodha na mimi. Lakini mimi nilikuwa nimetangaza. Nilitangaza gerejini, nilitangaza sokoni, nilitangaza hata Itetemia kwa wajomba zangu, na kijiji cha ujamaa kilichokuwa karibu na bwawa nacho kikapata habari, kikaja na ngoma. Mwenyekiti wao, Ndugu Nkwabi, alikuja na shati lake la chuenlai, lile la viongozi wa siku zile, lililonyooshwa likanyooka, na wazee watatu, akaniuliza kama kuna nafasi. Nikasema nafasi ipo tele, karibuni, kana kwamba mashua ni ya mama yangu. Wenzangu wa gereji nao wakaruka ndani. Tukawa kumi, pamoja na masufuria ya chakula cha Mama Premji, dengu na wali na chapati za watu ishirini.

Mashua ikakaa chini. Mzee Sudi akatazama ubavuni, akasema tumezidi. Nikasema pampu ipo.

Tulipoondoka, wallahi, ilikuwa raha. Mzee alipandisha tanga, likajaa upepo, mashua ikalala upande kidogo na kukata maji, watu wa ukingoni wakapiga vigelegele, nami nikapiga honi. Mama Premji alikuwa amekaa chini mlangoni pa chumba, ameshika nguzo kwa mikono miwili, macho ameyafumba, lakini baada ya muda akafumbua jicho moja, kisha la pili, kisha akamwambia mumewe kitu kwa Kigujarati na mumewe akacheka. Nikaona London inakufa mbele ya macho yangu. Nikajisikia kama ni mimi niliyewaoza wale wawili.

Ndipo mzee mmoja akasema kuna maji chini ya ubao. Kweli yalikuwepo, kidogo, ya kawaida, zile mbao bado zilikuwa zinakunywa. Hapo ndipo niliposimama. Nikawatangazia wote wasiwe na wasiwasi, sasa wataona kazi ya umeme, nikabonyeza swichi. Pampu ikanguruma. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Baada ya dakika chache maji yalikuwa yamefika juu ya ubao.

Nikasema hiyo ni kawaida, pampu inaanza kwa kuyakusanya kwanza. (Sijui nilitoa wapi maneno hayo.) Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Nikaiwasha mashine ya dizeli na kuiongezea moto ili betri zipate nguvu, na kweli pampu ikanguruma zaidi, na kweli maji yakaja haraka zaidi. Bwana Premji akainua viatu vyake akaviweka mapajani. Wazee wakaanza kuulizana kwa Kinyamwezi nani alisema waje. Mzee Sudi, ambaye mkono wake haukutoka kwenye usukani, akasema taratibu, "Zima hiyo pampu."

"Mzee, nikizima tutazama."

"Zima, mwanangu."

Sikuzima. Nieleweni, kwa hesabu yangu mashua ilikuwa imetoboka mahali, na kilichokuwa kinatuokoa ni pampu yangu peke yake. Nilipiga magoti ndani ya maji natafuta tundu, napapasa mbao, jasho linanitoka, na kila nilipopapasa palikuwa pazima. Aliyelipata ni Mama Premji. Alikuwa amekaa karibu kabisa na ngama, maji yamemfika kiunoni, sari imeelea, hana pa kukimbilia, na mguu wake ukagusa mdomo wa bomba la pampu. Akainama, akatia mkono, akautuliza hapo. Kisha akanishika mimi mkono, mkono wangu wa fundi, akauweka pale pale.

"Maganga," akasema, "hili bomba lako halinywi. Linatapika."

Nikahisi maji yananisukuma kiganja, kwa nguvu, yanaingia ndani. Pampu ilikuwa inavuta bwawa kupitia tundu la ubavuni, ambalo kwa uzito wetu lilikuwa limezama, na kulileta bwawa ndani ya mashua.

Mambo yakaniingia yote kwa pamoja. Malori yetu yale makongwe yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, nami nilikuwa nimezoea hivyo mpaka nikasahau kwamba kuna namna nyingine. Mashua nzima nikaifunga hivyohivyo. Taa haijali ukiigeuzia waya, inawaka tu. Honi haijali. Stata haijali. Lakini pampu ile ndogo ilitengenezwa kwa hasi kwenye bodi, na ukiigeuzia inazunguka kinyume. Sauti ni ileile, laini.

Kwa haraka nikalishika fungu la waya nikalivuta lote nizigeuze palepale. Waya ya honi ikachunika, ikagusa chuma, honi ya lori ikaanza kulia yenyewe na haikunyamaza. Pampu ikafa. Tukawa katikati ya bwawa, hatuna pampu ya umeme, hatuna pampu ya mkono (mnajua aliyeing'oa), na honi inawaita watu wote wa Igombe waje waone.

Mama Premji ndiye aliyetuamuru. Alimwaga dengu majini, akanipa sufuria. Wali ukamwagwa, mwenyekiti akapewa sufuria. Chapati zikaelea. Tukachota, wazee kwa vifuniko na mimi kwa machozi, na Mama Premji akaliziba bomba, maana maji yalikuwa bado yanapita yenyewe, kwa pindo la sari yake aliloliviringa kama kizibo, akalikalia. Mzee Sudi aliigeuza mashua polepole, akaileta kwenye maji mafupi ikakwama matopeni hatua hamsini kutoka ukingoni. Hatua hizo tulizipiga kwa miguu, mbele ya kijiji, mbele ya gereji, mbele ya wajomba zangu, maji kifuani na matope magotini, honi bado inalia. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, kisha mpigaji mmoja akaanza kuufuata mlio wa honi, na watu wakacheza.

Jioni ile sikula. Kesho yake nilikwenda dukani kuomba radhi, nimejipanga kuambiwa kwamba wanaondoka. Bwana Premji alikuwa amekaa nje, hakunisalimu. Mkewe akatoka na beseni, amelijaza maji, akaliweka barazani pale watu wanapopita, na pampu juu yake, imekaushwa, na betri kando. Akasema nifunge, nijaribu, yeye atazame. Nilifunga mara tatu huku soko zima limesimama. Ilipovuta maji upande unaotakiwa, akaniuliza sababu ya kila waya, nami nikamweleza, na nilipomaliza akamgeukia mumewe akamwambia kwa Kiswahili, nadhani makusudi ili nami nisikie, "Kaka zangu watasubiri. Nimeshakaa ndani ya maji mpaka kiunoni na sikufa."

Mashua ilikwenda Kigoma wiki chache baadaye juu ya behewa. Waya zote nilizibadilisha bila malipo, na pampu ya mkono niliirudisha mahali pake nikaipaka na rangi. Barua ilifika kutoka ziwani, imeandikwa na mama mwenyewe, anasema taa zinawaka vizuri. Habari za pampu hakuzitaja, na mimi sikuuliza.

Mjini nilipewa jina la Fundi Jaza, na hata siku ya harusi yangu mshereheshaji alilitumia kunitambulisha kwa wakwe. Nililistahili. Ila tangu Jumapili ile sijamwahidi mtu yeyote jambo ambalo sijaliona kwa macho likifanya kazi, na mtu mzima aliyenitangulia akiniambia zima, huwa nazima kwanza, maswali yatafuata baadaye.