Siku Almasi ya Karakana Ilipokatikia Mikononi Mwangu

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana huko Kahama nasikia wanasimulia vingine kabisa, kwamba mzee fulani wa kanisa alimeza almasi madhabahuni, na hilo si kweli, sikumeza kitu (nilichomeza ni vumbi, na halikuwa kidogo). Aibu niliyoipata ni yangu halali, na nimeshamshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa nakiri shukrani hiyo ilichelewa kunitoka.

Kanisa letu la huku Ushetu lina karakana ndogo nyuma ya nyumba ya mchungaji. Fundi wake anaitwa Mabula, lakini kwa kuwa ni baba wa mapacha sote tunamwita Baba Kulwa, mtu mpole ambaye ukimwuliza swali anafuta mikono kwanza ndipo anakujibu. Kazi yake kubwa ni kunoa: majembe na mapanga ya wakulima wa tumbaku, visu vya akina mama, na zaidi ya yote moko, yale matindo ya chuma ambayo wachimbaji wa dhahabu hupasulia mwamba, wanayaleta kwa pikipiki yamefungwa pamoja kama kuni. Mashine yake ni ya umeme, ina jiwe la mviringo linalozunguka kwa kasi, na mimi kama mwenyekiti wa kamati ya karakana niliifahamu vizuri sana mashine hiyo, kwa kuitazama kutoka mlangoni.

Sasa, jiwe likishanoa sana huziba. Vumbi la chuma linajaa kwenye vitundu vyake, uso unang'aa kama sahani, halafu linaliwa upande mmoja linaanza kurukaruka, na ukiweka moko hapo hainoleki, inaungua tu mpaka inakuwa ya bluu. Baba Kulwa aliomba kwa muda mrefu kifaa cha kulichonga jiwe lake, na Mungu si mchoyo, marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo wakakileta. Ni kitu cha busara: kibao cha chuma kinafungwa mbele ya jiwe, juu yake kuna kitelezi kinachokwenda kushoto na kulia, na katika kitelezi kimebanwa kijiti cha chuma kinachosogezwa mbele kidogo kidogo kwa skrubu, mpaka ncha yake iguse jiwe linapozunguka na kulikwangua ile ngozi iliyokufa, likatoka limenyooka, lina meno mapya. Baba Kulwa alitueleza wazee yote haya kwa furaha, kisha akatuonyesha kwa ukucha ile ncha ya kijiti.

"Na hapa mbele," akasema, "hii ni almasi."

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Mhunze, kule Shinyanga kwenye migodi ya almasi. Kwetu mtu akijikwaa huinama kulitazama jiwe kabla hajatazama kidole. Nikainama. Kweli ilikuwepo, ndogo kuliko punje ya ufuta, imekaa kwenye chuma kama jino la mtoto. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kweli, ambao yote yaliyofuata yametokana nao. Nilisema, "Kitu hiki tukitunze."

Kamati ikaona ni hekima. Tukakifunga kijiti kwenye kabati la vyombo vya meza ya Bwana, katika kitambaa cheupe, ufunguo nikauvaa shingoni. Tukakubaliana Baba Kulwa akikihitaji aombe, wazee watatu wafike, tuombe kwa pamoja, achonge jiwe lake mbele yetu, kisha kirudi kabatini. (Kuwapata wazee watatu kwa wakati mmoja msimu wa kupanda si kazi rahisi, wachimbaji walikuwa wanalala na moko zao hapo nje wakisubiri tumalize kupanda.) Na kila mara kijiti kiliporudi nilikikagua kwenye mwanga wa dirisha, nikaanza kuona jambo. Ile almasi ilikuja na kipembe kikali. Sasa ilikuwa bapa. Baada ya muda ikawa bapa zaidi.

Nilimwuliza Baba Kulwa, kwa upole kama ninavyodhani mimi ni mpole, almasi inakwenda wapi. Akafuta mikono, akasema inaliwa na jiwe, ndiyo kazi yake, akasema hata inatakiwa kukizungusha kijiti kidogo kila mara ili isichakae upande mmoja. Nikatabasamu. Kila mtu wa Shinyanga anajua kwamba almasi ndicho kitu kigumu kuliko vyote alivyoumba Mungu, sasa italiwaje na jiwe la kunolea majembe? Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu wa kweli, nikamwombea usiku ule kwa jina, kama mtu aliyeanguka.

Na Jumapili iliyofuata mchungaji alikuwa amekwenda mtaa mwingine, kwa hiyo matangazo niliyasoma mimi. Nikatangaza kikao cha akina mama, nikatangaza zamu za kufagia, kisha nikapandisha sauti nikasema kwamba kanisa hili lina hazina ya almasi, kwamba hazina hiyo imeanza kupungua mikononi mwa mtu tunayemwamini, na kwamba mara baada ya ibada sote tutakwenda karakana ili ukweli uonekane. Sikumtaja mtu. Nilijivunia sana jambo hilo la kutokumtaja mtu. Shingo zote zikageukia benchi alilokaa Baba Kulwa, na mkewe, Mama Kulwa, aliyekuwa amesimama na kwaya tayari kwa wimbo wa mwisho, akafunga mdomo na hakuufungua tena mpaka wimbo ulipoisha.

Tukatoka. Nimevaa suti yangu nyeusi na shati jeupe, nimeshika kile kitambaa mbele yangu kwa mikono miwili, kwaya nyuma, watu nyuma ya kwaya, na barabarani pale wachimbaji waliokuwa wanapita kwenda machimboni wakapunguza mwendo, wakasikia neno almasi, wakazima pikipiki.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nitalichonga jiwe mwenyewe, mbele ya mashahidi, halafu nitaonyesha kwamba almasi haikupungua hata chembe, kwa hiyo mkono uliokuwa unaipunguza utajulikana. Baba Kulwa alifunga kifaa kimya kimya. Aliponiona naishika skrubu alisogea, akaniambia kwa sauti ya chini nisogeze kidogo sana, iwe kama inapapasa, na nivae miwani ya kazi. Nilivaa miwani. Kupapasa nilikataa, kwa sababu niliona ananificha kitu.

Nikawasha. Nikazungusha skrubu, kijiti kikagusa jiwe, vumbi likaanza kutoka taratibu, zuri tu, jiwe likaimba. Watu wakasogea karibu kuona. Nikaona nafanya vizuri, nikazungusha tena, na (hapa ndipo ningeomba mnisamehe) nikageuka kuwaangalia watu huku mkono wangu unaendelea kuzungusha. Kilitoka kilio ambacho sijawahi kukisikia kwenye chuma wala kwa mnyama. Kitelezi kikaruka, jiwe likanitemea vumbi lote lililokuwa limejificha ndani yake, suti, shati, masharubu, mdomo uliokuwa wazi kwa kuhutubia, na Baba Kulwa akaruka akazima umeme. Nilipovua miwani, watoto wakacheka, kwa sababu nilikuwa wa kijivu mwili mzima isipokuwa macho.

Nikachomoa kijiti nikatazama ncha. Almasi sikuiona. Niliona kishimo tu.

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini nilisema, na nilisema kwa nguvu, "Almasi imeanguka, asitoke mtu."

Hakuna aliyetoka. Walioingia ndio waliokuwa wengi. Wale wachimbaji wa barabarani wakapita katikati ya kwaya, mmoja akachota vumbi la chini ya mashine kwa karai, mwingine akaleta ndoo ya maji, wakaanza kuoshea pale pale kama wanavyoosha dhahabu, na mwenye simu akapiga simu. Msiojua rashi ni nini niwaeleze: ni pale mtu anapookota kitu chenye kung'aa mahali, na kabla hajakifuta mkononi nusu ya mkoa imeshafika na sululu. Walifika kutoka upande wa Kahama, walifika kutoka upande wa Geita, mama lishe wakafika na masufuria. Sakafu ya karakana ni ya udongo. Ilikuwa.

Kijana mmoja mwenye kofia ya sufu alishajiteua mwenyekiti wa rashi, akapima sakafu kwa hatua na kugawa maduara, yaani kila kundi na shimo lake. Akanifuata kwa heshima zote, akaniamkia, akaniambia kwamba mimi ni mwenye eneo na kwa utaratibu wao mgao wa mwenye eneo haudhulumiwi. Na mimi, Mungu ananijua, badala ya kumfukuza nilifikiria paa la kanisa linalovuja, nikamwuliza mgao wenyewe unakuwaje. Nilipogeuka nikamwona mzee mwenzangu wa kamati, mtunza hazina, amekunja suruali ya ibada mpaka magotini yuko shimoni anachimba. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anachimba kwa niaba ya kanisa.

Mashine ilianza kuinama. Walikuwa wamefika chini ya msingi wake, na Baba Kulwa alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili isianguke, jasho linamtoka, watu wanampita wanamwambia asogee kwa sababu yuko juu ya duara lao. Nikapiga kelele waache. Nikawaambia almasi yenyewe ni ndogo kuliko ufuta. Wakacheka. Kijana mwenye kofia akaniambia, "Mzee, asubuhi ilikuwa hazina ya kanisa, sasa hivi imekuwa ufuta. Unataka tuondoke uchimbe peke yako?"

Aliyetuokoa ni Mama Shija, mshirika wetu wa benchi la mbele, ambaye siku za kazi hununua mawe ya vito mjini na wachimbaji wote wanamheshimu kwa kuwa hajawahi kumdanganya mtu thamani. Alikuwa na lenzi yake kwenye mkoba, nadhani anaingia nayo hata ibadani. Akakichukua kile kijiti mkononi mwangu, akakiweka jichoni, akatazama kwa muda mrefu, sululu zikasimama moja baada ya nyingine. Kisha akawageukia wachimbaji akawaambia kwamba hicho kilichopotea hakitoshi hata hereni ya kuku, na kwamba kama kuna anayebisha aendelee kuchimba, yeye hatakinunua. Wakaamini papo hapo. Mimi nimefundisha kipaimara miaka yote hii na sijawahi kuaminiwa kwa kasi hiyo.

Kisha akanirudishia kijiti.

"Mzee, hii si ya kuvaa wala ya kuuza," akasema. "Ni ya kufanyia kazi. Kuna kipande kimebaki humu ndani ya kishimo, na upande wake huu umelika vizuri, umelika kazini. Hapa palipokatika ndipo pamevunjwa kwa nguvu."

Pikipiki zikaanza kuondoka. Karakana ikabaki mashimo, maji machafu, na washirika wote wamesimama pembeni wananitazama. Nilielewa kinachosubiriwa. Baba Kulwa bado alikuwa ameishikilia mashine. Nikajikohoza vumbi, nikasema kwa niaba ya kamati ya karakana, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

Mama Kulwa akasogea mbele na vazi lake la kwaya, akasimama ukingoni mwa shimo.

"Kamati haikusimama madhabahuni," akasema. "Mume wangu ameitwa mwizi mbele ya watoto wake, na aliyemwita ana jina."

Basi nikasema tena. Nikasema mimi, nikataja jina langu na la baba yangu, nikasema Baba Kulwa hajachukua kitu, alinieleza ukweli na mimi nikaufunga kabatini pamoja na kijiti, na kwamba nimemsingizia. Ni maneno machache sana, mnaweza kuyasema kwa pumzi moja, mimi yalinichukua muda. Baba Kulwa alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbatia, hakulia, wala hakusema yamekwisha. Alisema tu mkono umeanza kufa ganzi, kama naweza kuja kushika upande wa pili. Nikavua koti nikaingia shimoni.

Kufukia tulifukia wiki nzima, mimi na mtunza hazina, kwa koleo. Kijiti kingine kilipatikana baadaye, anakiweka Baba Kulwa mwenyewe, kwenye mfuko wa shati pamoja na penseli, na kabati limebaki na vyombo vyake. Moko zinanolewa. Nami nimeweka nadhiri mbele za Mungu kwamba nikiona kitu cha kanisa kimechakaa sitauliza tena nani amekipunguza, na kwamba matangazo nitasoma yaliyoandikwa tu.

Lakini adhabu yangu ilikuwa mlangoni. Kwetu ibada ikiisha wazee tunasimama nje na kila anayetoka anatupa mkono, na Jumapili baada ya Jumapili Mama Kulwa alinipa mkono, akaangalia pembeni, akapita bila kuniamkia, na mtu asiyejua mila zetu hawezi kuelewa mzee anavyoumia kupewa mkono mtupu. Sikulalamika. Nilimwombea, na safari hii nilijiombea na mimi. Ilipita Pasaka, mahindi yakavunwa, ndipo Jumapili moja akanifikia, akashika mkono wangu, akasimama.

"Shikamoo, mzee," akasema, na mimi nikaitikia marahaba kabla neno lenyewe halijamtoka lote, hata waliokuwa nyuma yake wakacheka.