Nyekundu Iliyomkimbia Edah

Edah Shitanda hawezi kupita karibu na mti bila kuukwaruza kwa ukucha. Hata tukienda matangani. Watu wako mbele wanaimba, sisi wawili tuko nyuma, na yeye amekwisha kuchepuka njia, anabandua kipande cha gamba, anakinusa, anakitafuna, kisha anatema kiganjani aone mate yametoka na rangi gani.

"Mama Titus, ona! Hebu ona hii!"

"Dada, tunakwenda kumzika mtu."

"Mungu aliyemchukua ndiye aliyeumba huu mti. Hatakasirika."

Huyo ndiye Edah. Tulisoma darasa moja, tukaolewa chini ya mlima mmoja, na kwenye kwaya tunasimama bega kwa bega, yeye sauti ya kwanza na mimi ya pili. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyasikia kwa mtu.

Kufuma alijifunzia shuleni tukiwa darasa la nne. Sindano za kufumia hatukuwa nazo. Edah akachomoa spoku mbili kwenye baiskeli ya baba yake, akazinoa juu ya jiwe, akafuma kofia ya mtoto mchanga. Kofia ilikuwa nzuri kweli. Lakini siku ya soko gurudumu likapinda, mzee akatumbukia mtaroni pamoja na kuku wake wote. Edah alichapwa, nawaambia! Mama yake alizificha zile spoku zisitupwe, na Edah alipoolewa na Hezekiah alikuja nazo amezifunga ndani ya leso, kama wengine wanavyokuja na sahani.

Boma lao liko pale msitu wa Kakamega unapoishia na mlima wa Wanandi unapoanza kupanda. Sisi wengine tulipoletwa huko tuliona kuni, matope, na maji ya kubebwa kwa kichwa. Edah aliona rangi. Ananiita asubuhi niangalie ukungu ukiondoka kwenye mawe, ati una rangi tatu. Mimi naona ukungu. Ananionyesha kuvu juu ya gogo bichi, tope la mtoni, tumbo la kenge. Na kuna yule ndege wa msituni, mwili wake wa zambarau iliyokaribia weusi, ambaye akitulia tawini humjali, lakini akiruka tu anafungua mabawa, na ndani ni mekundu. Mekundu! Edah akimwona huacha jembe.

Mwaka wa tisini na tatu kwaya yetu ilitaka mikanda myekundu ya Pasaka. Tukanunua rangi ya paketi, Edah akaifuma mikanda na kuitia rangi, tukaivaa juu ya kanzu nyeupe. Tukiwa njiani mvua ikatukuta. Jamani! Tuliingia kanisani tumechirizika hadi viatuni, kama watu waliotoka machinjioni. Mchungaji akatutazama, akasema, "Ndugu zangu, leo damu ya Mwanakondoo tumeiona kwa macho." Kanisa likacheka hadi watoto wakaamka.

Edah peke yake hakucheka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema, "Rangi gani inaogopa mvua? Yule ndege ananyeshewa mwaka mzima, bawa lake limechujuka siku gani?"

Ndipo alipoanza kuchemsha miti. Kila siku moshi nyuma ya jiko, mpaka majirani wakasema mke wa Hezekiah anapika pombe haramu ya chang'aa. Naibu wa chifu akaja na askari wawili, akafunua sufuria kwa ghadhabu, akakuta soksi. Edah akamwambia, "Karibu, afande, zinakaribia kuiva."

Alipata manjano kwa maganda ya vitunguu. Alipata kahawia, alipata kijivu cha njiwa, alipata weusi kwa kulaza uzi ndani ya tope la mtoni. Aliloweka kwanza uzi katika maji ya shabu, ile chumvi ya mawe inayouzwa na kina mama wa Mumias, ili rangi ishike. Ikashika. Alifua, akaanika, akafua tena, wapi, haichujuki.

Nyekundu tu ndiyo iliyomkimbia. Kuna mti unaota kingoni mwa mashamba yetu, ukiukata unatoa utomvu wa rangi ya machungwa, utafikiri umeumia. Edah aliamini nyekundu imejificha humo. Akichemsha gamba lake, anapewa manjano. Akichemsha sana, anapewa machungwa yaliyoiva. "Najua umo ndani," anauambia mti, mkono kiunoni. "Toka."

Basi mwaka wa tisini na sita tulikwenda soko la Lubao, na huko tukamkuta Jepkemboi. Huyu ni mama Mnandi kutoka kule juu ya mlima, anayefuga kondoo na kusokota sufu yao mwenyewe kwa mkono. Edah alikuwa akinunua uzi wake mweupe tangu zamani, na hawajawahi kuuziana bila kutupiana maneno, kila mmoja akianza kwa salamu ya kwao.

"Chamgei, mama wa soksi!"

"Mulembe, mama wa maziwa ya moshi! Umeshuka na kondoo, ama umeshuka na maneno?"

"Leo nimeshuka na kitu." Jepkemboi akafungua mtandio. Ndani mlikuwa na mafungu ya uzi mweupe, mwembamba, laini kama nywele za mtoto. Akaacha kucheka. "Kondoo huyu marehemu mume wangu alimpa binti yetu kabla hajafa. Sasa kondoo naye amekufa. Hii ndiyo sufu yake ya mwisho, nyingine haipo. Binti anaolewa Desemba, na anataka blanketi ya kujitanda siku akitoka nyumbani. Nyekundu. Sitaki ya paketi, habari za Pasaka yenu zilitufikia hadi kule juu."

Wauzaji wa nyanya wakaangua kicheko. Jepkemboi naye akapata nguvu, akaongeza, "Lakini ninyi Waluhya si mnajuanga rangi moja tu, ya matope?"

Nilimfinya Edah. Hakusikia.

"Lete hapa," akasema. "Nitakupa nyekundu mpaka ndege wa msituni waje kuuliza huyu ni ndugu yao wa wapi."

Tukaondoka na mzigo. Tulipofika mahali hapana watu nikamuuliza, "Edah, nyekundu unayo?"

"Sina."

"Na umesema lete?"

"Nimesema lete." Akasimama, machozi yakimlengalenga. "Mama Titus, nimefanya nini? Sufu ya marehemu! Nikiiharibu, nitamrudishia nini mtoto wa watu?"

Tukapiga magoti kando ya barabara, kwenye nyasi. Niliona haya kidogo kumwomba Mungu rangi. Halafu nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeianza kazi hiyo, nikaomba kwa sauti.

Edah alijaribu kwa vipande vifupi vya uzi, kila gamba analolijua. Hakuna. Arusi ikakaribia. Mwishowe akaamua kuchemsha mafungu yote pamoja katika maji ya ule mti wake wa machungwa, maana ukitia rangi kwa vipande vipande, huku kutakoza na huku kutapauka. Alisema, "Nitachemsha gamba jingi, na moto mrefu. Likikataa, nitapanda mlima nikaombe msamaha."

Siku hiyo nilikuwapo tangu asubuhi. Tulikoroga mpaka mikono ikafa ganzi. Uzi ukawa machungwa, machungwa mazuri, lakini machungwa. Edah akaketi juu ya kigoda, akafunika uso kwa kanga. Nikamwambia, "Twende kijitoni tuchote maji ya kusuuza. Hata machungwa yanasuuzwa."

Tulipokuwa kijitoni, chungu kikiwa bado motoni, mama mkwe wake, bibi tunayemwita kukhu Awinja, aliingia jikoni. Kukhu ana mtoto wa jicho pande zote mbili, kwa hiyo anaona kwa pua na kwa vidole. Alikuwa amebeba kibuyu cha omusherekha. Kama hujakaa kwetu, hayo ni maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, tunayachuja na kutia kwenye mrenda na kunde ili zilainike. Mwanamke wa kwetu hapiki mboga bila hayo.

Tukarudi na ndoo kichwani. Kukhu ameshika mwiko, anakoroga, na amekasirika.

"Edah! Nani alikufundisha kupika? Mboga zimekuwa ngumu kama kamba za kufungia ng'ombe! Hata omusherekha hukutia!"

Edah akaitua ndoo polepole. "Kukhu. Umetia?"

"Kwani ningeacha mwanangu ale kamba? Nimetia. Na bado hazilainiki. Ni mboga gani hii inavutikanga hivi?"

Akauinua mwiko. Uzi ukaning'inia, unadondoka, na mimi nikamshika Edah mkono. Ulikuwa mwekundu! Haukuwa wa tope wala wa kahawa. Ulikuwa mwekundu kama ndani ya bawa la yule ndege wake.

"Uwiii!" Edah alipiga kelele mpaka kuku wakaruka juu ya paa. "Kukhu! Kukhu wangu! Usitoe!" Halafu hapo hapo, "Toa! Toa! Mama Titus, toa!"

Maana alikumbuka. Aliwahi kusahau soksi ya sufu ndani ya omusherekha, ikalainika kweli, ikawa ute kama mrenda. Yale maji yaliyoleta nyekundu ndiyo yale yale yangekula uzi. Tulizamisha vijiti, tukayavuta mafungu yakiwa yanafuka moshi, tukayatupa ndani ya karai, tukakimbia nalo kijitoni, mama wawili wenye wajukuu, tunateleza, tunacheka, tunalia. Nyuma yetu kukhu anapiga kelele, "Mnapeleka wapi mboga?"

Ndani ya maji nyekundu ikarudi nyuma kidogo. Edah akashika pumzi. "Usiende," akaiambia. "Tafadhali, usiende." Ikasimama hapo. Tulisuuza, tukasuuza, maji yakaanza kupita meupe, na uzi ukabaki mwekundu. Hezekiah alipotoka shambani akaukuta kwenye kamba kivulini, alivua kofia, akasimama tu.

Jioni Edah akamketisha kukhu mbele ya chai. "Kukhu, ulitia kiasi gani?"

"Kiasi cha mboga."

"Kiasi cha mboga ni kiasi gani?"

"Mke aliyeolewa kwa mahari ya ng'ombe ananiuliza swali hilo?" Ilibidi Edah arudie kwa vipande vya uzi wake mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mpaka akakipata kiasi hicho.

Lakini uzi ulipokauka tuliona jambo. Mafungu yaliyokuwa chini kabisa ndani ya chungu yalikatika ukiyavuta. Karibu nusu. Ningeweza kumshauri ayachanganye katikati, nani angejua? Edah hakungoja shauri. Alifunga yote, mazima na yaliyokatika, tukaupanda mlima.

Jepkemboi alitupokea mlangoni. Hakusalimu kwanza. Alitwaa fungu, akalitemea mate, akalisugua kwa nguvu kwenye kitambaa cheupe alichokivua kichwani, akakitazama. Kitambaa kilikuwa cheupe. Akasugua tena. Cheupe.

"Mama wa soksi," akaanza kusema.

"Ngoja," Edah akasema. "Blanketi haitatosha." Akafungua yale mafungu mengine, akauvuta uzi mmoja mbele ya macho yake, ukakatika. "Haya niliyaharibu mimi. Nilikuahidi na nikayaharibu."

Jepkemboi akazishika zile ncha mbili za uzi. Kisha akageuka ndani, akamwita binti yake kwa Kinandi.

Msichana akatoka, unga mikononi. Alipoona uzi alijipangusa haraka kwenye sketi, akachukua mafungu mazima, akajizungushia shingoni na mabegani, moja baada ya jingine. Halafu akainamisha uso ndani yake, akavuta pumzi.

"Mama," akasema. "Bado ananuka. Ni yeye."

Jepkemboi akakimbilia kunusa, na Edah akanusa, na mimi pia nikanusa. Chini ya moshi na gamba la mti alikuwapo kondoo, hapana shaka.

"Inatosha kufika wapi?" Jepkemboi akauliza.

"Shali," Edah akasema. "Itafika kwenye viwiko. Magoti haitafika."

"Magotini ana sketi," akasema Jepkemboi, akicheka na machozi yakimtiririka. "Funika mabega. Anza hapa hapa nikuone, usije ukaenda nayo kuipika tena!"

Edah alikwisha kaa kwenye kizingiti. Akatoa sindano zake za spoku, akahesabu vitanzi kwa midomo, akaanza mstari wa kwanza, na msichana amesimama mbele yake ameinua mikono kando, apimwe.