Aliyenifundisha Kazi Anafukuzwa kwa Sababu Yangu

Admin, nifiche kabisa, mji wetu huu tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Gungu, Kigoma. Natengeneza programu za simu na kompyuta kwenye ofisi moja ndogo Katubuka. Wateja wetu ni maduka, shule na wafanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Mafundi tuko wawili tu, mimi na mtu nitakayemwita Kaka Festo. Nilitoka chuo sijui kitu, yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Tangu mwaka jana kazi zangu nazifanya kwa akili mnemba, kwa siri. Naieleza ninachotaka, inaandika, mimi nakagua tu. Kazi ya siku tatu naimaliza kabla ya chai ya saa nne. Bosi akawa ananisifu mbele za watu, nami nachekelea. Nilipenda zile sifa, sitawadanganya.

Mwezi uliopita bosi akamgeukia Festo. "Huyu binti anamaliza kazi asubuhi, wewe unakaa nayo siku tatu. Kuanzia sasa nakulipa nusu. Usipomfikia mwezi ujao, tuagane." Nilikuwepo. Nikajifanya natafuta chaja kwenye mkoba.

Jumapili Festo akaja kwangu na mfuko wa dagaa, daftari kwapani. "Mwidiwe," akasalimu kwa Kiha, akakaa. "Mdogo wangu, siku hizi mwalimu ni wewe. Nionyeshe unafanyaje."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamjibu, "Ni mazoezi tu, kaka." Akaliandika hata hilo kwenye daftari. Mkewe ananiambia sasa anakula huku anafanya mazoezi, hata watoto hawasemeshi.

Jana bosi kaja na jipya. Jumatatu tukae meza moja, mimi nifanye kazi, Festo aangalie ajifunze. Nikiifungua ile akili mnemba, bosi atajiuliza anatulipa sisi wawili kwa lipi. Nisipoifungua nitaumbuka, maana mengi nimeshasahau, nitakuwa mzito kuliko hata Festo. Nikisingizia kuumwa, mwezi utaisha Festo hajajifunza, atafukuzwa na mimi nabaki na kiti changu. Nina mama ananitegemea, naogopa sana.

Leo asubuhi Festo kanitumia ujumbe: "Usiwe na wasiwasi Jumatatu, mdogo wangu. Nitakaa kimya nisikuvuruge."

Sijaujibu mpaka sasa. Ndugu zangu, msinionee haya, nishaurini: nimjibu nini?