Koti la Adeline Ukutani

Verna hakuolewa na Orville Haugen peke yake; aliolewa na nyumba pia, na nyumba ile ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Adeline, mke wa kwanza, marehemu. Mbao zote za msonobari zilizopigwa kutani, kuanzia jikoni hadi chumba cha chini, alizichagua yeye, mmoja mmoja, akitaka zenye mafundo mengi. Majirani wa kaskazini mwa Minnesota, miaka ile ya hamsini, waliisifu kuwa nyumba ya kisasa. Verna katika mafundo yale aliona macho tu. Akioka mkate yalimtazama, akivua soksi yalimtazama.

Hayo angeyazoea. Lililomshinda lilikuwa ukumbini, karibu na mlango wa nyuma. Msonobari ukipata mwanga huiva rangi ya asali. Pasipofikiwa hubaki peupe. Baada ya msiba Orville aliliacha koti la Adeline kwenye msumari miaka na miaka, akaliondoa mkesha wa harusi ya pili. Koti likaenda, umbo likabaki ubaoni, jeupe: mabega, kiuno, na mkono mmoja uliopinda kidogo kana kwamba umeshika kikapu.

Verna hakuwa mtu wa kulialia. Alitundika koti lake hapohapo, akasema moyoni, haya, tuone nani mke hapa. Orville aliona, akaendelea kunywa kahawa yake. Ndivyo alivyokuwa kwake: mpole, mleta kuni kwa wakati, na baridi kama jiwe. Hakuwahi kumwita mpenzi hata siku moja. Na Verna, usimwone vile, alikuwa akililia neno hilo tu.

Theluji ilipoyeyuka aliondoa koti lake. Umbo lilikuwa palepale, jeupe kuliko alivyolikumbuka. Akamwita jirani yao Tauno, fundi aliyezipiga mbao zile. Tauno akaangua kicheko.

"Unacheka nini wewe mzee?"

"Nakucheka wewe, Verna! Mwenzako umemfunika vizuri jua lisimguse. Umemlea! Mwache wazi, bibi, mwanga utammaliza wenyewe."

"Lini sasa?"

"Msimu wa kuwinda paa ukifika, mwishoni mwa vuli, hutamwona."

Basi kila asubuhi alifungua mapazia ya ukumbi kabla ya kwenda kazini, kwenye kantini ya kiwanda cha karatasi. Kiangazi kikapita. Umbo halikupungua hata chembe. Tena ukumbini pakaanza kunuka dawa ya nondo, ile ya kuwekea nguo zisiliwe na wadudu, na Verna hakuwahi kununua dawa ya nondo. Akawa anapita pale upandeupande, nywele zikimsisimka, kwa sababu aliogopa, na aliona haya kuogopa ubao.

Siku moja ya vuli jiko la kantini liliharibika, wakarudishwa nyumbani mapema. Verna alikuta mapazia yamefungwa. Ukutani, ndani ya umbo lake barabara, lilining'inia koti la sufu la kijani, mkono umepinda.

Verna alirudi nyuma hatua moja. Kisha akasikia shoka nyuma ya banda, Orville akipasua kuni, akaelewa kila kitu. Kumbe kila siku akiondoka yeye, mwenzake anarudishwa.

Hasira zikampanda. Akalishusha lile koti, akalivaa, akasimama ukutani penye ule weupe, ili mume wake akiingia apate aibu yake. Koti lilimkaa sawasawa.

Mlango ukafunguliwa. Orville aliingia na kuni kifuani, akamtazama katika giza lile la mapazia. Hakushtuka hata kidogo. Uso wake ulilainika, Verna hajapata kuuona hivyo.

"Umesimama hapo tangu saa ngapi, mpenzi? Utapata baridi. Njoo tuote moto, Adeline, kabla yule hajarudi."

Verna alikuwa na matusi tayari mdomoni. Lakini neno lile lilikuwa limeshatamkwa, na aliyetazamwa lilipotamkwa alikuwa yeye.

"Nakuja, mpenzi," akajibu.

Mapazia ya ukumbi hakuyafungua tena.